Siku Moja Maishani Mwangu: Handaki Kati ya Tabata na Mbagala

Saa 12:00 asubuhi

Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta Dar es Salaam. Kabla sijatoka nyumbani Kinyerezi nafungua kompyuta na kupitia ramani ya mtandao wa mteja wa leo. Ni daktari mwenye zahanati mbili, moja Tabata na nyingine Mbagala Rangi Tatu. Programu ya wagonjwa iko kwenye seva moja tu, pale Tabata. Wafanyakazi wa Mbagala wanaifikia kwa intaneti ya kawaida, kwa sababu fundi wa zamani alifungua poti 8080 (poti ni mlango wenye namba ambao programu hupitishia mawasiliano) kwenye ruta ya Tabata ielekee kwenye seva, kisha akaiacha wazi kwa dunia nzima. Programu yenyewe inatumia http tupu, isiyoficha kinachotumwa. Jina la mgonjwa, umri, namba ya simu, majibu ya malaria, majibu ya VVU, vyote vinapita barabarani vikiwa uchi.

Logi ya ruta inaonyesha anwani za nchi mbalimbali zimebisha hodi kwenye poti hiyo usiku kucha. Hakuna anayeichukia zahanati ya Tabata. Hizo ni mashine zinazopita anwani moja baada ya nyingine ulimwenguni kote, zikitafuta kilicho wazi, na hapa kipo.

Leo ruta ya Tabata na ruta ya Mbagala zitaunganishwa kwa handaki la VPN lililosimbwa, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti ambayo yanayopita humo hayasomeki kwa asiye na ufunguo, kisha ile poti ifungwe. Hilo la pili ndilo watu wengi wa fani hii wanalisahau. Wakiona handaki limesimama wanakunja vifaa na kuondoka.

Saa 1:30 asubuhi, Tabata

"Shikamoo daktari."

"Marahaba fundi, karibu. Lakini niambie ukweli, mbona mfumo unafanya kazi vizuri tu siku zote? Kwa nini tuuguse?"

Swali lake ni la haki, na maneno matupu hayatalijibu. Nikampigia dada wa mapokezi wa Mbagala, ambaye alikuwa bado hajafungua kwa wagonjwa, nikamwomba asajili mgonjwa wa uongo: jina "Jaribio Jaribio", kipimo cha malaria, jibu chanya. Upande wa Tabata nilikuwa nimewasha Wireshark, programu inayoonyesha kinachopita kwenye mtandao, kwenye laini inayoingia kutoka nje. Aliposevu tu, nikamgeuzia daktari kioo. Jina lilisomeka, na jibu la kipimo likasomeka chini yake, bila ufundi wowote wa ziada.

Daktari akavuta kiti akakaa. Nikamkumbusha pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Na kwa kuwa tunajenga VPN, kuna la TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania: Oktoba 2023 ilitoa tangazo kwamba watu na kampuni zinazotumia VPN kwa shughuli zao zitoe taarifa, pamoja na anwani za IP. Fomu hiyo naijaza na mteja palepale, kabla ya kugusa waya. Kazi halali haina sababu ya kujificha.

Saa 3:00 asubuhi

Sasa hesabu za anwani, na hapa ndipo miradi mingi ya namna hii inapofia. Mtandao wa ndani wa Tabata ni 192.168.1.x. Wa Mbagala nao ni 192.168.1.x, kwa kuwa ruta nyingi zinakuja hivyo kutoka kiwandani. Ukiziunganisha hivyo, kompyuta ya Mbagala ikiitafuta seva yenye anwani 192.168.1.10 itadhani seva imo humo humo ndani ya jengo. Itaita, hakuna atakayeitika, na paketi (kipande cha data kinachotumwa) haitafika hata kwenye ruta. Upande mmoja lazima uhame. Nimechagua Mbagala ihamie 192.168.20.x, maana ina vifaa vichache na seva haiko huko.

Jambo la pili, Tabata ina faiba yenye anwani ya IP ya kudumu. Mbagala inatumia laini ya 4G, na ruta yake imepewa anwani inayoanza na 100.72. Hiyo imo kwenye fungu la 100.64.0.0/10, lililotengwa mwaka 2012 ili kampuni za simu ziweze kuwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Maana yake Mbagala inaweza kuita, ila haiwezi kuitwa. Kwa hiyo Mbagala ndiyo itakayoanzisha mazungumzo kila mara, na kila baada ya sekunde 25 itatuma paketi ndogo ili njia isijifunge.

Nimechagua WireGuard, programu ya kujenga handaki la VPN. IPsec, njia nyingine ya kazi hiyo hiyo, naiheshimu na ninaitumia kwa wateja wenye ruta za kampuni tofauti, lakini inataka pande zote mbili zikubaliane kwenye orodha ndefu ya mbinu za usimbaji na uhakiki: AES ya biti ngapi, SHA ipi, kundi lipi la Diffie-Hellman, muda wa funguo. Kimoja kikipishana, handaki halisimami. WireGuard, iliyoingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux 5.6 mwezi Machi 2020, haina mjadala huo. Usimbaji ni ChaCha20, uhakiki ni Poly1305, kubadilishana funguo ni Curve25519, basi. Kwa zahanati ambayo kesho inaweza kuhudumiwa na fundi mwingine, mistari michache inayosomeka ina thamani kubwa.

Saa 4:00 asubuhi

Kijana ninayemfundisha kazi ndiye aliyetengeneza funguo leo. Kila ruta inazalisha jozi yake: ufunguo wa siri, ambao hautoki kamwe ndani ya ruta, na ufunguo wa wazi, ambao unapewa upande wa pili. Ufunguo una baiti 32, ukiandikwa unakuwa herufi 44.

"Kaka, huu wa wazi nikiutuma WhatsApp si mtu anaweza kuuona?"

"Auone tu. Ubandike hata ukutani."

Hakuniamini, na nilifurahi kwamba hakuniamini. Tukakaa tukalizungumza. Uzuri wa wazo ambalo Diffie na Hellman walilichapisha mwaka 1976 ni huo: pande mbili zinabadilishana mbele ya kila mtu vitu visivyo siri, kisha kila upande unachanganya alichopewa na siri yake mwenyewe, na wote wanaishia kwenye siri moja ambayo mtazamaji hawezi kuipata. Miaka yote niliyofanya kazi hii, bado nikilifikiria nasisimka. Ninachomkataza ni kimoja: asizalishe ufunguo wa siri kwenye simu yake halafu akautuma ruta kwa meseji. Ukisafiri mara moja si siri tena.

Daktari alikuwa anasikiliza. "Sasa mnafunga poti moja mnafungua nyingine, tofauti iko wapi?" Ni kweli, Tabata tunafungua poti 51820 ya UDP (aina moja ya usafirishaji wa paketi). Tofauti ni kwamba WireGuard haimjibu asiye na ufunguo. Zile mashine za usiku zikibisha hapo zinakutana na kimya, hazijui hata kama kuna kitu kinasikiliza.

Saa 5:30

Barabara ya Mandela, Buguruni, Tazara, malori ya bandarini, kisha Kilwa Road hadi Rangi Tatu. Jua kali. Ruta nimeipakata mwenyewe nyuma ya bodaboda.

Saa 7:00 mchana, Mbagala

Kuhamisha anwani kwa kompyuta ni dakika chache. Kilichochukua muda ni mashine ya kupima damu maabara, iliyoandikiwa anwani ya seva kwa mkono ndani ya menyu zake, pamoja na printa.

"Mwanangu, hiyo mashine usiiguse, nina sampuli humo," mama wa maabara akaniambia bila kunyanyua macho.

"Sawa mama, nasubiri umalize."

Tulisubiri. Tukala wali maharage kwa mama ntilie wa nje, tukarudi, akaturuhusu. Aliyekuwa na sampuli mikononi alikuwa na haki ya kwanza, na fundi anayelazimisha ratiba yake maabara hafai kuingia zahanati.

Saa 8:30 mchana

Ruta zimesalimiana. Nikapiga pingi, yaani paketi ndogo ya kuuliza kama upo, kutoka Mbagala kwenda kwenye seva, ikajibu. Kijana akataka kushangilia. Nikamwambia afungue faili la mgonjwa lenye picha za ultrasound. Maandishi yalikuja, picha zikakwama.

Hii inawachanganya wengi kwa sababu pingi inapita na picha hazipiti. Handaki linafanya kazi kama kuitia barua kwenye bahasha nyingine kubwa zaidi. Paketi ya kawaida ya ethaneti ina nafasi ya baiti 1500, na WireGuard inachukua hadi 80 kwa ajili ya bahasha yake. Yenyewe huanza na MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya 1420, lakini laini ya 4G nayo inaweza kuwa na kipimo kidogo kuliko 1500. Pingi ndogo inapenya. Paketi iliyojaa haienei, inadondoshwa njiani, na kama ujumbe wa kumwambia mtumaji apunguze nao umezuiwa, mtumaji anarudia ileile bila kikomo.

Tukapima kwa pingi zilizokatazwa kukatwa vipande, tukipunguza ukubwa hadi zikapita. Nikaweka MTU ya handaki 1360 pande zote mbili, na MSS ya TCP, yaani kiasi cha data ndani ya kila paketi, ikabanwa kwenye 1320. Ultrasound ikafunguka.

Hapo hapo nikaandika sheria za faiawoli, ukuta unaochuja kinachopita. Kupitia handaki, Mbagala inaruhusiwa kuifikia seva kwenye poti ya programu tu. Haina sababu ya kuona kompyuta ya uhasibu ya Tabata. Na intaneti ya kawaida ya Mbagala inaendelea kutoka kwa njia yake yenyewe, isipite Tabata, ili video za mtu mmoja zisibane majibu ya maabara.

Saa 10:00 jioni

Mimi kila handaki nalichomolea umeme makusudi. Salamu ya kwanza ya WireGuard inabeba saa ya aliyeituma, na upande wa pili hukumbuka saa ya mwisho aliyoipokea. Ikija salamu yenye saa ya nyuma zaidi, anaikataa, akihofia ni paketi ya zamani iliyonaswa na kurudishwa. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuamka ikidhani ni mwaka 1970, na Tabata itakataa salamu zake mpaka saa irekebishwe. Ikiwa ruta hiyo imeambiwa ichukue saa kwenye seva iliyo ng'ambo ya handaki, imekwama: saa inasubiri handaki, handaki linasubiri saa.

Ndiyo maana ruta ya Mbagala inachukua saa moja kwa moja kwenye intaneti, nje ya handaki. Nikachomoa, nikasubiri, nikachomeka. Saa ikajipanga, handaki likarudi bila mkono wa mtu. Mbagala umeme ukirudi saa 9 usiku, hakuna fundi atakayeamshwa.

Saa 11:30 jioni

Dada wa mapokezi akamsajili tena "Jaribio Jaribio". Wireshark ikisikiliza laini ya nje, jina halikuonekana, kipimo hakikuonekana. Zilionekana paketi za UDP za poti 51820 na ndani yake vurugu tupu.

Nikamweleza daktari kwa simu, naye aelewe vizuri: ulinzi huu ni wa kati ya ruta na ruta. Ndani ya jengo, http bado ni ileile. Mgonjwa anayesubiri kwenye benchi hapaswi kuwa kwenye Wi-Fi moja na mapokezi. Nimetenga mtandao wa wageni pande zote mbili, ila aliyetengeneza programu lazima aulizwe lini italetwa https, yaani http iliyosimbwa. Daktari amesema atampigia.

Saa 1:00 usiku

Wagonjwa wamekwisha. Kupitia handaki, nikiwa bado Mbagala, nikaingia kwenye ruta ya Tabata na kufuta ile sheria ya poti 8080. Kijana akazima Wi-Fi ya simu yake, akatumia bando, akajaribu kuifungua programu kwa anwani ya nje. Haikufunguka. Mama wa maabara, palepale mezani kwake, akatuma majibu mawili ya mwisho ya siku yakafika Tabata.

Saa 2:15 usiku

Limebaki la karatasi. Nimehifadhi nakala ya mipangilio ya ruta zote mbili kwenye flashi iliyofungwa kwa nenosiri, na mchoro wa anwani nimeuandika kwa mkono. Flashi itakaa kwenye kabati la daktari, nenosiri kwenye bahasha nyingine kwa mhasibu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya nchi nzima ilitetereka, kwa hiyo daktari amekubali pia tuiongezee Tabata laini ya pili ya kampuni tofauti, na Mbagala wawe na daftari la kusajili kwa mkono pale njia zote zitakapokufa. Wiki ijayo naanza na hiyo laini ya pili. Kijana ndiye atakayeiunganisha, mimi nitakaa pembeni.