Ziwa ni lile lile

Leo jioni nimeshuka Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu, kwa mara ya kwanza tangu nihamie kikazi.

Jamani, nimeikumbuka Mwanza hadi koo likanikaba.

Kuna mama alikuwa anaanua dagaa kwenye nyavu zilizotandazwa chini. Anawakusanya kwa viganja, anapepeta mchanga, anamimina kwenye beseni. Vigamba vimemganda vidoleni, vinameta kwenye jua la magharibi. Na ile harufu! Soko letu la samaki la Mwaloni Kirumba kabisa.

Kisumu imenipokea vizuri mno. Watu wakarimu, sato wapo, jua linazama ziwani kama kwetu.

Ila mawe sasa.

Natafuta yale majabali yaliyobebana, siyaoni. Lile jabali la Bismarck pale majini. Nyumba za Mabatini zilizopanda mlima, ukitazama usiku taa zimejaa hadi juu. Hicho ndicho kinachoniuma.

Dagaa nimewanunua, nawaunga na karanga usiku huu.

Wana Mwanza mlioko huku, mnakutania wapi? Na wenyeji, naambiwa kutoka Riat mji wote unaonekana pamoja na ziwa. Nani atanipeleka Jumamosi?