Nilivyompeleka Mama kuzunguka maziwa ya Thun na Brienz kwa siku moja

Mwaka wangu wa pili hapa Bern, Uswisi, nilikodi gari na wenzangu wawili wa kazini hospitalini tukaenda kutembelea maziwa. Tulirudi tukiwa tumeona kuta za mahandaki zaidi kuliko maji. Tulianzia Luzern, tukaiachia simu ituchagulie njia, nayo ikachagua ya haraka kama inavyofanya siku zote. Pale Lungern barabara kuu inaingia chini ya mlima kwa zaidi ya kilomita 3, na kijiji kizima kikabaki juu yetu bila sisi kukiona. Kusini mwa Ziwa Brienz hali ni hiyohiyo: handaki, mwanga kidogo, handaki tena. Tulipochoka tukahamia barabara ya zamani inayopita kaskazini mwa ziwa, tukakuta tatizo jingine. Uswisi magari hupita kulia, sisi tulikuwa tunaelekea magharibi, kwa hiyo ziwa lilikuwa kushoto, ng'ambo ya magari yanayokuja. Mwenzetu aliyekaa mbele na mimi aliangalia mwamba mpaka Thun.

Kwa hiyo Mama alipopata viza, sikutaka kubahatisha. Mama amezaliwa Ujiji, na baba yake, marehemu babu yangu, alikuwa fundi wa boti. Huwezi kumchukua mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika ukampitisha mbio kwenye maziwa ya watu halafu ukasema umemtembeza. Nilijipa jioni tatu za kukaa na ramani ya karatasi.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni mwelekeo. Ukitoka Bern, Thun ni kama nusu saa tu kwa barabara kuu. Ukianzia hapo na kushika barabara ya kaskazini kuelekea mashariki, mambo yote yanakaa sawa kwa pamoja. Maji yako kulia, upande wa abiria. Vituo vya kusimama pembeni viko kulia pia, kwa hiyo hukati mbele ya gari la mtu. Mchana ukishapinduka, jua linakuwa nyuma yako, linamulika milima badala ya kukupiga machoni. Na ukishavuka mlima wa Brünig, Lungern unaiona kutoka juu, kanisa na ziwa vikiwa mbele ya uso wako. Ni eneo lilelile nililopita mara ya kwanza, niligeuza tu mwelekeo. Kwenye simu nikazima barabara kuu kwenye mipangilio ya njia, kuanzia Thun mpaka Lungern.

Kisha nikaanza kufuta. Orodha yangu ilikuwa na vituo tisa, pamoja na maporomoko ya Giessbach, mapango ya Mtakatifu Beatus na treni ya mvuke inayopanda Brienzer Rothorn. Hiyo treni ipo tangu 1892 na iliniuma kuiacha. Lakini Mama ana miaka 67 na goti la kushoto linamsumbua, kila kituo kina ngazi zake na choo cha kutafuta. Nikabakiza vitatu: Thun, Brienz, Lungern. Njia yote ya kwenda haifiki kilomita 100, na nikaipa siku nzima.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya mwezi Juni. Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku, theluji bado iko vileleni, na mito inashuka na maji ya barafu. Jumapili niliikwepa kwa sababu maduka mengi hufungwa. Nilipika chapati usiku, asubuhi nikajaza chai ya tangawizi kwenye chupa. Maji sikubeba mengi, maana chemchemi za mitaani huku ni za kunywa isipokuwa pameandikwa vinginevyo.

Thun tulifika saa tatu asubuhi. Nilimpitisha Hauptgasse, mtaa ambao njia ya waenda kwa miguu iko juu ya mapaa ya maduka ya chini, kisha tukashuka kwenye daraja la mbao lenye paa ambapo mto Aare unatoka ziwani. Ngome ya karne ya 12 tuliitazama kutoka chini. Mama aliegemea ukingo wa daraja akayaangalia maji yanavyokimbia, akauliza, "Mwanangu, wavuvi wa hapa wanashusha wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma kuhusu mandhari, maegesho na vyoo, ila kuhusu wavuvi sikuwa nimesoma neno.

Nilitafuta jibu kwenye simu tukiwa tumekaa, nikamsomea. Maji ya Brienz ni maskini wa chakula cha samaki: unga wa mawe yaliyosagwa na barafu unaelea humo, unazuia mwanga, vijimea vya majini havistawi, na samaki wanakuwa wachache na wadogo. Wanaoishi kwa kuvua ziwa hilo ni wa kuhesabu. Huo unga ndio unaoyapa maji rangi ya feruzi ambayo watu wanakuja kuipiga picha. Mama alitafakari kidogo akasema, "Basi uzuri wake ni njaa yake." Nimeyakumbuka maneno hayo kila nilipopita pale tangu siku hiyo.

Mchana alitaka samaki hata hivyo. Tukaingia mkahawa mmoja ufukweni, Mama akamwomba mhudumu, kupitia kwangu, aseme kama samaki yule ni wa ziwa lile. Kijana akasema kwa uungwana kwamba hapana, huagizwa kutoka nje ya nchi. Mama akamshukuru, tukanywa chai yetu, tukaenda kula chapati kwenye benchi.

Kwa atakayeendesha mwenyewe, kuna mambo yaliyonisaidia. Kwenye maegesho ya mistari ya buluu unaweka kisahani cha saa kiooni, na mshale unauweka kwenye mstari wa nusu saa inayofuata: ukifika saa 4:10 asubuhi (10:10 kwa saa za huku) unaweka 10:30, na una saa moja kuanzia hapo. Kukisahau ni faini ya faranga 40. Stika ya barabara kuu, nayo faranga 40 kwa mwaka, gari la kukodi huwa nayo tayari. Mgeni anaweza kuendesha kwa leseni ya kwao hadi miezi 12. Vijijini, pasipo na alama, anayetokea kulia kwako ndiye wa kupishwa, hata kama anatoka kwenye kichochoro. Hilo kwa mtu aliyejifunza kuendesha Tanzania, kushoto, linahitaji kujikumbusha kila kona. Mimi nilikuwa nalisema kwa sauti, na Mama akawa ananiitikia.

Kati ya Merligen na Interlaken barabara inabana, mwamba kushoto, maji chini kulia. Hapo sikuongea. Mama ndiye aliyekuwa akinisimulia anachokiona.

Interlaken maana yake ni kati ya maziwa, na ndivyo ilivyo. Zamani lilikuwa ziwa moja, mito ikaleta mchanga na mawe mpaka ikaligawa. Mama akasema Malagarasi nao unajaribu kazi hiyohiyo, ila umekutana na ziwa kubwa. Kwa kweli Brienz lina urefu wa kilomita 14 tu na kina cha mita 260. Tanganyika linapita mita 1,400. Nililomshangaza nalo ni la kimo: ziwa la kwao liko zaidi ya mita 760 juu ya usawa wa bahari, na haya ya milimani, Brienz na Thun, hayafiki 570. Alinifanya nilirudie mara mbili.

Brienz nilikuwa nimeipangia dakika 40. Tulikaa karibu saa tatu. Ni mji wa wachonga mbao, wana shule ya uchongaji tangu 1884, na mtaa wa Brunngasse una nyumba za mbao zilizotiwa weusi na umri. Tukiwa gatini ikatia nanga meli ya mvuke ya magurudumu, Lötschberg, ya mwaka 1914. Mama aliposikia mwaka huo alisimama. Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Ujerumani 1913, ikapelekwa Kigoma vipandevipande na kuunganishwa pale. "Hawa ni rika," akasema, na hakuondoka mpaka meli ikapiga honi na kugeuka.

Kisha akaona karakana iliyo wazi. Fundi mmoja mzee alikuwa anachonga mgongo wa dubu. Mama aliangalia patasi inavyofuata mishipa ya mti, akaniambia nimuulize kwa nini haanzi kichwani. Fundi akajibu, Mama akauliza jingine, nikawa natafsiri Kijerumani changu cha wodini katika mambo ya useremala, nikikwama wakamalizana kwa mikono. Mwisho mzee akachukua kipande cha ubao mweupe kilichobaki akampa. Mama alikinusa, kama babu alivyokuwa akinusa mbao za mvule kabla ya kulipa. Nilitazama saa mara moja tu. Vile vituo sita nilivyovifuta ndivyo vilivyonipa nafasi ya kuwaacha wamalize.

Brünig ni mita 1,008, si mlima wa kutisha, ila kona zake zataka utulivu. Kushuka niliweka gia ya pili ili breki zisichemke. Juu ya Lungern tulisimama, jua likiwa nyuma yetu, kanisa na maji vikiwa chini kama nilivyovichora kwenye karatasi. Nikamweleza kwamba 1836 wanakijiji walitoboa mwamba wakalipunguza ziwa lao ili wapate ardhi ya kulima, na karne iliyofuata likapandishwa tena kwa ajili ya umeme. Mama aliuliza waliolima pale walihamia wapi. Hilo nalo nimeliandika kwenye daftari, pamoja na lile la wavuvi.

Kurudi, nikawasha tena barabara kuu kwenye simu. Mahandaki niliyoyachukia mara ya kwanza yalinifaa sasa: hakuna kona, hakuna taa za machoni, mwendo mmoja. Kabla hatujafika Spiez, Mama alikuwa amelala, kanga mabegani, kipande cha ubao mkononi.