Boksi la riwaya mpya limefika, sasa kazi ni kujua ipi ya nani

Boksi limefika jana mchana na kama kawaida nikalikimbilia na mkasi kabla mtu mwingine hajaligusa. Riwaya mpya tupu, kurasa bado zimegandana pembeni, ukifungua mgongo unalia kidogo. Niko kaunta ya kuazima maktabani mwaka wa sita huu na hiyo raha haijapungua hata chembe, ila kilichobadilika ni swali ninalojiuliza nikishika kila kimoja, maana zamani nilikuwa nauliza hiki ni kizuri au kibaya, siku hizi nauliza hiki ni cha nani.

Kwa sababu nimeshaona sana. Riwaya nzuri kabisa ikimwangukia mtu siyo, inarudi baada ya siku mbili imekunjwa ukurasa wa kumi na moja, na mwenyewe anakwambia "mimi kusoma basi tu, sijaumbiwa". Hiyo sentensi inaniuma jamani. Hakushindwa kusoma huyo, alipewa kitabu cha mtu mwingine. Ranganathan, yule mkutubi wa India, kwenye kanuni zake tano za maktaba za mwaka 1931 alisema kila msomaji na kitabu chake, na kila kitabu na msomaji wake, na mi naona kazi yangu yote iko hapo hapo, mengine ni kupiga mihuri.

Sasa shida inaanza na stika za mgongoni. Upelelezi, mapenzi, fantasia, kutisha, sayansi ya kubuni, historia. Zinasaidia kutafuta kitabu kwenye rafu, sikatai, lakini zinamfungia mtu. Kuna mama mmoja alikuwa anasoma mapenzi tu, na kwa spidi ile akawa amemaliza rafu nzima, kila kitabu akichukua nikiskani mashine inaonyesha ameshawahi kukiazima. Nikamwambia mama hebu nisimulie kile ulichokipenda kuliko vyote, usinipe jina, nisimulie tu. Akaweka mkoba juu ya kaunta akaanza. Hakutaja busu hata moja! Alisimulia jinsi wale wawili walivyokuwa hawaaminiani, wanapimana, mmoja anasema neno mwingine anakaa nalo siku tatu. Nikaenda rafu ya upelelezi nikamletea riwaya ya askari wawili waliolazimishwa kufanya kazi pamoja, mmoja anamficha mwenzake jambo. Akaniangalia kama nimemtukana. Akachukua hivyo hivyo. Alivyorudi hakusalimia, alisema "cha pili kiko wapi".

Hiyo mbinu siyo yangu. Nancy Pearl, mkutubi maarufu wa Marekani, anasema watu wanaingia kwenye kitabu kwa milango minne, kuna anayeingia kwa mkasa wenyewe, kuna anayeingia kwa wahusika, kuna wa mahali na zama, na kuna wa lugha. Yule mama mlango wake ni wahusika. Stika haikuambii hilo, ila mtu akisimulia kitabu alichokipenda dakika mbili tu unausikia mlango unafunguka. Akianza na "kuna jamaa aliamka akakuta mkewe hayupo" huyo ni wa mkasa, mpe kitu kinachokimbia. Akianza na "yaani unaona kabisa ule mji, ile mvua" huyo usimpe thrila, zile riwaya za mbio, bunduki na milango kugongwa, mpe riwaya ya kihistoria nene akae nayo.

Kwa hiyo jana nilivyofungua boksi nilifanya ninavyofanya siku zote, nasoma kurasa kumi za mwanzo za kila kimoja halafu naandika kwenye kikaratasi mlango wake na mwendo wake, pole au kasi, nachomeka ndani.

Upelelezi ndio umekuja mwingi na ndio nilioukalia muda mrefu. Mnajua mwaka 1929 Ronald Knox, padri aliyekuwa anaandika riwaya hizi mwenyewe, aliweka masharti kumi ya upelelezi na la kwanza kabisa ni kwamba mhalifu lazima atajwe mapema kwenye hadithi. Hilo sharti mpaka leo ndio kipimo changu. Nikimaliza riwaya ya upelelezi narudi nyuma kutafuta, je yule muuaji nilikutana naye mapema, na nilipokutana naye niliambiwa kitu cha kweli ambacho sikukitilia maanani? Kama ndiyo, basi mwandishi amecheza haki. Kama muuaji ametokea sura ya mwisho kutoka kusikojulikana, msomaji wa upelelezi anaona ameibiwa muda wake na hatakuja kumwamini tena aliyempa hicho kitabu, yaani mimi. Kwenye hizi mpya kuna moja imenikosesha usingizi, msimuliaji ni mke na anakuambia kila kitu, kila kitu, isipokuwa kila sura anaruka muda wa saa moja wa usiku ule ule. Saa moja tu. Sikuiona mpaka sura ya tano. Nikarudi mwanzo na penseli kuhesabu, na kweli, saa nne hadi saa tano haipo popote.

Mapenzi siku hizi yameolewa na fantasia na ndoa inazaa sana, majoka, majumba ya kifalme, viapo, na katikati watu wawili wanaopendana huku wametumwa kuuana. Vijana wanaviulizia hivi vitabu kabla havijafika kwa sababu wameviona TikTok. Wapo wakubwa wanaovibeza na mi siwaelewi. Mtoto wa miaka kumi na nane anabeba kitabu cha kurasa mia sita anakimaliza kwa wikiendi moja halafu anakuja kuomba kingine kama hicho, we unataka nini zaidi? Msomaji wa mapenzi ana mkataba wake, na chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani wameuandika wazi kwenye maana yao ya riwaya ya mapenzi, kwamba penzi liwe ndio kiini na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Ndiyo maana riwaya ambayo mpenzi anakufa ukurasa wa mwisho mi siiweki rafu ya mapenzi hata kava lingekuwa na maua. Mtu aliyetoka msibani akija kuazima mapenzi anakuja kwa ajili ya ule mwisho. Ukimpa mazishi mengine umemkosea.

Sayansi ya kubuni zimekuja mbili, moja nzuri, moja inaeleza mitambo mpaka wahusika wanasahaulika. Historia ipo moja nene ya vita, nimeshajua inaenda kwa nani.

Kitu kinachoniudhi kweli kweli ni mfululizo kuletwa kuanzia cha tatu. Boksi hili lina kitabu cha tatu cha fantasia bila cha kwanza wala cha pili! Mtu ataanzia wapi? Nimeshaandika ombi vile viwili viletwe na mpaka vije hicho cha tatu kinakaa kabatini, sikitoi, kwa sababu nikikiweka rafuni kuna mtu atakichukua kwa kava lake zuri halafu ataona majina arobaini asiyoyajua na atarudi na ile sentensi ya "sijaumbiwa".

Watu wananiuliza kwa nini nao wasisome mpya zote kwenye simu. Wasome, mimi mwenyewe nasoma. Ila kitabu pepe cha maktaba mara nyingi siyo mali ya maktaba, ni leseni, na kwa kawaida nakala moja inasomwa na mtu mmoja kwa wakati, ndiyo maana na huko kuna foleni. Mwaka 2011 wachapishaji HarperCollins walitangaza kwamba kitabu chao pepe kikishaazimwa mara 26 leseni inaisha na maktaba inanunua upya. Mara 26! Ninayo riwaya ya karatasi hapa nyuma yangu imeazimwa kuliko hapo, gundi nimetia mara mbili, na bado inatoka. Mchague mnavyopenda lakini msishangae kitabu kikitoweka kwenye simu.

Na mkiazima hizi mpya tafadhali msijilazimishe. Huyo huyo Nancy Pearl ana kanuni yake, soma kurasa 50, kama hakijakushika kirudishe, na ukishavuka miaka 50 chukua 100 utoe umri wako, jibu ndio kurasa unazodaiwa. Kuna mzee wetu wa miaka 78 nilimpigia hesabu hiyo, kurasa 22, akacheka akasema basi sasa ataazima vitatu vitatu, na ndivyo anavyofanya. Anarudisha viwili mapema, cha tatu anakaa nacho mpaka siku ya mwisho. Hakuna anayemuuliza kwa nini.

Boksi limebaki na kimoja ambacho sijakipatia mtu. Cha kutisha, chembamba, hakina damu, ni nyumba ambayo kila asubuhi ina mlango mmoja zaidi ya jana na watu wa humo wanaendelea kunywa chai kana kwamba hawaoni. Nilikisoma chote nimesimama. Mlango wake ni lugha, mwendo pole, na wasomaji wangu wa kutisha wote ni watu wa kasi. Nimekiweka juu ya kaunta kava likitazama mlangoni, kikaratasi kimechungulia, na leo tangu asubuhi watu wawili wamekishika wakakirudisha. Wa pili alisoma ukurasa wa kwanza wote kabla hajakiacha, na alipofika mlangoni akageuka kukitazama tena.