Nani Atamjua?

Mvua za masika zilinyesha usiku kucha, na asubuhi ile pantoni ya Kigamboni ilichelewa. Nilisimama Magogoni nimekumbatia faili ndani ya mfuko wa rambo lisilowe, nikiwa na hakika kwamba nilichokiandika humo ni kizuri. Ilikuwa Machi 2018. Kesho yake saa tatu nilitakiwa kuwa Kisutu, Mahakama ya Watoto, kumsimamia msichana wa miaka 11 niliyekuwa nimeonana naye mara moja tu. Jina lake silitaji, wala la mdogo wake. Sheria inawalinda, na hata isingewalinda nisingelitaja.

Shauri lenyewe lilinifikia kwa simu ya msaidizi wa kisheria wa Tandika, mama fundi cherehani ambaye cherehani yake ipo barazani na daftari la mashauri ya watu lipo chini ya vitambaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua watu wa namna yake, lakini mtaani alikuwa anajulikana tangu zamani. Mjane akifukuzwa kwenye nyumba, wanamwita yeye kabla ya mjumbe. "Wakili," aliniambia, "kuna wajukuu wa muuza vitumbua wa hapa sokoni. Bibi kafariki, mama yao alishatangulia, baba hajulikani. Wamepelekwa makao ya watoto ng'ambo, Kigamboni. Sasa wanapangiwa maisha yao na hakuna wa kuwasemea. Hela hakuna."

Nikamwambia hela si tatizo. Ofisi yetu ilikuwa na utaratibu wa kuchukua mashauri ya wasio na uwezo bila malipo, na ya watoto nilikuwa nayapenda kuliko yote. Neno lake la "kuwasemea" nililisikia, ila sikulielewa vizuri.

Jambo lilikuwa hivi. Afisa ustawi wa jamii alikuwa ameomba mahakama itoe amri ya matunzo, ile ambayo kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haizidi miaka mitatu, au mpaka mtoto afikishe miaka 18 ikiwa hiyo inatangulia. Alikuwa amepata mume na mke wa Kibaha, wametimiza masharti ya malezi ya kambo, na walikuwa tayari kumchukua msichana. Mmoja tu. Mvulana wa miaka sita angebaki makao mpaka apatikane mwingine. Nilizisoma ripoti zote. Nyumba ina maji ya bomba, shule haiko mbali, mke hana mtoto na moyo wake uko wazi. Afisa yule sina la kumlaumu. Alikuwa na mafaili ya watoto wa kata kadhaa peke yake, na kumpatia hata mtoto mmoja kwa watu wenye heshima zao ni kazi iliyomchukua miezi.

Mara ya kwanza nilipomwona msichana nilimweleza yote hayo, akaitikia "sawa, anti". Nikamuuliza kama angependa kwenda Kibaha. "Sawa." Na mdogo wako tutamtafutia naye? "Sawa." Nikarudi mjini nikaandika kwamba mteja wangu ameridhia.

Aibu ya sentensi hiyo ninayo mpaka leo. Mtoto aliyefiwa, aliyehamishwa usiku, anayelala bweni la wenzake ishirini, atamjibu nini mtu mzima aliyevaa suti nyeusi? "Sawa" yake ilikuwa heshima, nami niliiandika kuwa ridhaa. Kifungu cha 11 cha sheria ile ile kinasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika uamuzi unaogusa ustawi wake. Nilikuwa nakijua kwa moyo. Nilikuwa hata nafundisha semina.

Basi siku hiyo ya mvua nilikwenda tu kumzoesha na mahakama, ajue hakimu atakaa wapi na nani ataingia. Nilimkuta nyuma ya jiko anaanua nguo. Mdogo wake amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, sweta mbili mwilini, kikombe cha maji mkononi. Akaniamkia, nikaitikia, nikaanza kumsaidia kukunja. Tulikunja mashuka kama manne bila maneno. Ndipo akauliza, macho kwenye shuka:

"Anti, nikienda Kibaha, nani atamjua?"

Nikasema walezi wa hapa watamtunza vizuri.

"Kutunza watamtunza. Nani atamjua?"

Nikaiweka nguo chini. Akanieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mdogo wake ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Maumivu yakianza halii, ananyamaza tu na kuficha mikono kwapani. Ukimwona hivyo, usingoje aseme. Mpe maji mengi, mfunike, mguse paji la uso; likiwa la moto, ni hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Kile kidonge kidogo cha njano cha kila siku asiachishwe. Aangaliwe macho asubuhi kama yamekuwa manjano kuliko jana. Bibi alimfundisha hayo yote, kwa sababu bibi alikuwa anaamkia vitumbua saa tisa usiku, na anayebaki chumbani na mtoto ni yeye.

Ripoti niliyoibeba kwenye rambo ilisema: afya ya mtoto ni ya wastani.

Nilimuuliza kama aliwaambia walezi. "Niliwaambia anaumwa. Wakampa panado." Kadi ya kliniki ya Muhimbili ilibaki Tandika, chini ya godoro la bibi, walipochukuliwa haraka haraka.

Nilimpigia mama fundi nikiwa bado juu ya pantoni. Usiku huo alikwenda kwa mwenye nyumba, akakuta chumba kimeshapata mpangaji na vitu vya marehemu vimerundikwa ukumbini. Mimi nilikaa mezani nikafuta niliyoyaandika, yote, nikaanza upya. Saa tatu kasoro asubuhi alikuwa mlangoni Kisutu, khanga imemlowa mpaka kiunoni, kadi imeviringishwa kwenye mfuko wa unga. Hakutaka hata chai, alisema ameacha sare za shule za watu.

Mashauri ya watoto husikilizwa faragha. Chumba kilikuwa kidogo, hakimu yuko kwenye meza ya kawaida, na sisi tumemzunguka: afisa ustawi, mlezi kutoka makao, mume na mke wa Kibaha, mimi na watoto. Nilisema kwa kifupi kwamba mteja wangu anapinga kutenganishwa na mdogo wake, na kwamba naomba aeleze mwenyewe, kwa kuwa maneno yangu hayatafika yanakofika yake. Hakimu akamgeukia. Kimya. Nikaona midomo yake inaelekea kwenye "sawa" tena.

"Mwambie mheshimiwa habari ya mikono," nikamwambia.

Akaiweka mikono yake mwenyewe kwapani, akainamisha kichwa, akanyamaza. Akakaa hivyo kwa muda. Halafu akainua uso akasema, "Akiwa hivi, ndiyo inauma."

Hakimu aliweka kalamu chini. Aliuliza maswali mengi baada ya hapo, na yote aliyaelekeza kwake, si kwangu. Vidonge vinapatikana wapi, kliniki ni lini, nani huwa anampeleka. Afisa ustawi aliiomba kadi, akaisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akasimama mwenyewe kusema anabadilisha ombi lake. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Mume na mke wa Kibaha walishauriana nje. Waliporudi, mume alisema wasingeweza. Walijiandaa kwa mtoto mmoja mzima wa afya, na wanaogopa ugonjwa wasioujua. Mkewe alikuwa analia. Sikuwaona wabaya, na sijawahi kuwaona wabaya. Msichana alipoteza siku ile nyumba yenye maji ya bomba na mwanamke ambaye, naamini, angempenda. Nimelala na swali hilo usiku mwingi.

Amri ilitoka mchana: watoto wakae pamoja, makao yampeleke mvulana kliniki kila tarehe yake, dada yake aende naye. Miaka ile rekodi za mahakama hiyo ziliandikwa kwa Kiingereza ingawa tulikuwa tumezungumza Kiswahili tangu asubuhi. Kwa hiyo jioni, kwenye benchi la pantoni, mvulana amelala mapajani mwa dada yake, niligeuza nakala na kuanza kuandika upande wa pili kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, naye ananifuata kwa kidole.

Alifika kwenye "wasitenganishwe", akalisoma kwa sauti mara mbili. Kisha akashuka chini zaidi.

"'Mpaka mahakama itakapoamua vinginevyo.' Hii maana yake nini, anti?"

Nikamwambia ukweli, kwamba inaweza kubadilika, na kwamba ikifika siku hiyo ataulizwa tena.

"Ni lini?"

Nikamtajia tarehe. Akaniomba kalamu, akaiandika mwenyewe juu kabisa ya karatasi, akaikunja pamoja na kadi ya kliniki, akaviingiza ndani ya sweta la mdogo wake.