Nilifeli intavyuu ya uraia wa Marekani kwa sababu ya neno "yes"

Wengi wakisikia mtihani wa uraia wa Marekani wanawaza yale maswali mia moja ya historia, na mimi nilikuwa hivohivo. Mwaka mzima nilikuwa nayakariri. Nikiwa kwenye basi maswali, nikiwa naosha vyombo maswali, kazini naskani maboksi huku midomo inacheza kama mtu anayesoma uradi. Amendimenti za katiba ngapi, 27. Maseneta wangapi, 100. Bunge la chini wangapi wanaopiga kura, 435. Nani aliandika Tangazo la Uhuru, Thomas Jefferson. Nilijiona nimeiva kabisa. Nikaenda nikafeli.

Ngoja nianze mwanzo. Niliingia huku 2018 kwa bahati nasibu ya viza, ile tunayoiita DV, nikafikia Columbus, Ohio kwa sababu kulikuwa na jamaa yangu wa Tanga mwenye kochi sebuleni, basi hakuna sababu nyingine. Kazi nikapata ghalani, shifti ya usiku. Sasa ukiwa na grinikadi, yani kadi ya ukaazi wa kudumu, ukatimiza miaka 5 unaruhusiwa kuomba uraia, ukiwa umeoa au kuolewa na raia ni 3, na fomu yenyewe unaweza kuituma siku 90 kabla haujatimiza hiyo miaka. Mimi nikaacha kabisa zibaki siku 85 hivi maana niliogopa kukosea hesabu wakanirudishia. Fomu inaitwa N-400, wakati ule 2023 ilikuwa na kurasa 20 na ada dola 725 ukijumlisha na ya alama za vidole (2024 wakabadilisha, ikawa 710 ukijaza mtandaoni na 760 ukituma karatasi). Dola 725 kwa mtu wa ghalani sio mchezo, nilizikusanya miezi minne.

Kwenye fomu wanataka safari zako zote za nje, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Mimi nilirudi nyumbani mara moja tu, wiki tano, kwahiyo haikunisumbua, ila kuna watu huwa wanakaa nyumbani miezi saba nane wakati wanangoja miaka itimie, wakija kuomba wanaambiwa umekata mfululizo wa ukaazi. Zaidi ya miezi sita nje ni matatizo, uwe makini hapo.

Na pia wanauliza kama umewahi kujiandikisha kupiga kura. Hili ni jambo la hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ukienda kuchukua leseni ya udereva yule wa kaunta anaweza kukuuliza unataka kujiandikisha kupiga kura, na mtu mgeni ambaye kila kitu anasema yes yes anajikuta ameingia kwenye daftari la wapiga kura wakati sio raia. Hiyo inaweza kukutoa nchini kabisa. Mimi jamaa yangu alinionya mapema, nikamwambia yule wa kaunta no, tena mara mbili. Ningejua kwamba hiyo yes itakuja kunikamata sehemu nyingine!

Mtihani wenyewe una sehemu nne. Kuna maswali ya historia na serikali, wakati wangu kwenye yale mia alikuwa anachagua 10, ukipata 6 anaacha hapohapo. Kuna kusoma, anakupa sentensi mpaka tatu, ukiisoma moja vizuri umepita. Kuna kuandika, hivohivo. Alafu kuna kuongea na kuelewa, na hii ndio hakuna anayejiandaa nayo kwa sababu haina kijitabu. (Waliotuma fomu kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wana mtihani mpya, maswali 128, anauliza 20 na lazima upate 12, kwahiyo usisome kijitabu cha kaka yako cha zamani.) Kiukweli kwenye maswali kitu kilichonisumbua ni kimoja tu, Spika. Nilishakariri Kevin McCarthy mpaka naliota jina, Oktoba 2023 wabunge wakamng'oa, wiki tatu hakuna Spika, nikawa naangalia habari kila asubuhi nikitoka kazini kama vile mimi ndio mgombea, mpaka wakamchagua Mike Johnson.

Siku ya intavyuu, mwanzoni mwa 2024, nikavaa suti ya kuazima. Ofisa alikuwa mama wa makamo, mpole tu, akaja mlangoni akaita jina langu akalitamka nusu. Tukawa tunatembea kwenye korido, akaniuliza "How did you get here today?" Nikamjibu kwa kujiamini, kwa DV lottery, 2018. Akatabasamu. Alikuwa anauliza nimekuja na gari au basi. Baadaye ndio nikaelewa kwamba mtihani unaanzia pale pale mlangoni, yale maongezi ya hali ya hewa na parking sio ukarimu tu, anasikiliza kama unaelewa.

Nikanyoosha mkono wa kulia nikaapa kusema kweli. Maswali ya historia nikapiga sita kwa sita, hakufika hata la saba. Kusoma nikapita, kuandika nikapita. Nikaanza kuona sherehe. Alafu akafungua fomu yangu, akaanza kupitia ukurasa kwa ukurasa.

Sasa mimi nilikuwa na faini moja ya mwendo kasi, nilishaiandika kwenye fomu maana wanauliza kama umewahi kukamatwa, kushikiliwa au kupewa tiketi. Akaiona, akasema kwa Kiingereza, kwahiyo ukiacha hii tiketi hujawahi kukamatwa?

Nikajibu kwa sauti ya mwanaume, "Yes!"

Kalamu ikasimama. Akaniangalia. "Yes? You were arrested?" Nikasema "Yes, never." Akauliza tena, nikamwambia tena yes, nikitikisa na kichwa ili asiwe na wasiwasi.

Mnaelewa kilichotokea? Sisi mtu akikuuliza "hujala?" na kweli hujala, unajibu "ndiyo", au "eeh, sijala". Yani unakubaliana na alichosema. Mwingereza anajibu "no". Ndiyo yetu na yes yao sio ndugu, wanafanana tu kwa mbali. Miaka mitano nimekaa huku naongea Kiingereza ghalani na hakuna aliyewahi kunirekebisha, kwa sababu ghalani mtu akikuuliza hujamaliza hiyo paleti ukisema yes au no anaiona mwenyewe kwa macho.

Kuanzia hapo nikawa nimeshavurugika. Akaniuliza kama nimewahi ku-claim kuwa raia wa Marekani. Mimi neno claim nalijua kwa bima ya gari. Nikasema yes, 2020, mtu alinigonga kwa nyuma. Yule mama wa watu akaweka kalamu chini akaniuliza taratibu, claim maana yake nini? Nikaeleza habari za bampa. Akajaribu kuuliza kwa namna nyingine, mimi kichwa kimeshajaa maji, kila akiuliza naitikia. Mwisho akanipa karatasi ya matokeo, ile N-652. Historia nimepita, kusoma nimepita, kuandika nimepita, kuongea na kuelewa sijapita. Nitaitwa tena ndani ya siku 60 hadi 90, nirudie sehemu niliyofeli tu. Nikifeli tena ombi linakataliwa, naanza upya na ada naanza upya.

Simlaumu hata kidogo. Mtu anakuambia kwa mdomo wake kwamba alikamatwa, utafanyaje.

Nilikaa kwenye gari pale nje kama saa nzima. Mama akapiga kutoka Lushoto, nikamdanganya wameahirisha.

Aliyeniokoa ni dada mmoja Msomali, tunafanya naye shifti moja. Columbus hapa Wasomali ni wengi sana, na huyu alikulia Eastleigh, Nairobi, Kiswahili chake kimenyooka cha Kikenya. Uraia alishapata zamani. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa kwenye boksi, alafu akaniambia, "Wewe bro, shida yako si Kiingereza. Shida yako ni heshima mingi. Unamwitikia mtu wa serikali kama mwalimu mkuu. Wacha hiyo yes yes, jibu na sentensi yote." Na hiyo ndio ikawa sheria yetu, hakuna yes wala no peke yake. Akiniuliza kama nimewahi kukamatwa lazima nijibu "No, I have never been arrested", mpaka mwisho. Hata mantiki ikikuchanganya pale mwanzo, sentensi nzima inakurudisha njiani, kwa sababu never been arrested haina tafsiri mbili.

Kila mapumziko ya saa nane usiku tunakaa na chai yake ya maziwa ya kwenye chupa, ina hiliki na karafuu nyingi mpaka inawasha, ananiuliza swali moja kwa sura tatu. Umewahi kukamatwa. Hujawahi kukamatwa, sio? Kuna wakati wowote polisi walikushika? Nikikosea ananirudisha mwanzo. Wiki ya pili wale vijana wengine wa shifti wakajiunga, ikawa mtu anapita na foklift anapiga kelele "Have you ever been a habitual drunkard?" na mimi najibu kwa sauti, hapana sijawahi kuwa mlevi wa kupindukia, watu wanapiga makofi.

Maneno magumu ya kwenye fomu nikayaandika kwenye vipande vya katoni, neno moja katoni moja, na nyuma yake maana kwa Kiingereza rahisi cha kwangu mwenyewe, sio cha kamusi. Maana ofisa akikuuliza neno fulani maana yake nini hataki kamusi, anataka aone kwamba unajua unachokisaini. Claim nikaandika "to say something is true about me". Oath, "a very serious promise". Persecute, "to hurt people because of their religion or tribe". Bear arms ilinipa shida, bear nilimjua dubu tu, kumbe ni kubeba silaha. Na kitu kingine ambacho ningekijua mapema kisingenikuta: unaruhusiwa kumwambia ofisa samahani, naomba uulize kwa namna nyingine. Hakuna anayekukata maksi kwa hilo. Kinachokuangusha ni kuitikia kitu ambacho hujakisikia.

Kuna swali moja lilitupotezea mapumziko mawili mazima. Wanauliza kama una cheo cha kurithi au cha ukoo wa kitawala kwenye nchi nyingine. Sasa babu yake baba yangu alikuwa zumbe kule Usambaa, yani chifu. Yule dada akasema basi wewe ni prince, utaambiwa ukiache. Tukabishana. Ila Tanganyika ilifuta uchifu 1963, baba mwenyewe hakurithi chochote zaidi ya shamba la migomba na kesi ya mpaka, kwahiyo nikaamua jibu langu ni "No, I do not have any title." Bado najisikia vibaya kidogo kumkana babu.

Mara ya pili nikampata ofisa kijana, anaongea haraka kama mtangazaji wa mpira. Mlangoni akaniuliza nimefikaje leo, nikamwambia nimeendesha, parking ilikuwa ngumu. Tukaingia. Akaja kwenye ile tiketi, na wallahi akauliza vilevile, kwahiyo ukiacha hii hujawahi kukamatwa? Nikahisi ndiyo inapanda kooni, nikaimeza. "No, I have never been arrested." Akaendelea. Kwenye swali moja la vyama sikumsikia, nikamwomba arudie, akarudia taratibu. Hatukufika hata dakika ishirini, akanigeuzia karatasi, nimependekezwa kukubaliwa.

Kiapo kilikuwa kiangazi, mahakama ya shirikisho. Unapewa fomu nyingine fupi inakuuliza, tangu siku ya intavyuu umesafiri nje, umekamatwa, na kadhalika, nikajikuta naisoma kwa sauti na sentensi nzima mpaka aliyekaa jirani akaniangalia. Grinikadi unairudisha pale mezani. Hapo mkono ulisita. Kwa sababu Mtanzania sio kama Mkenya, wenzetu tangu katiba ya 2010 wanaruhusiwa uraia wa nchi mbili, sisi ukichukua wa kwingine kwa hiari yako ukiwa mtu mzima, uraia wa kwetu umekwisha. Sasa hivi kuna hii habari ya hadhi maalumu kwa diaspora, ni nafuu, ila sio uraia. Na maneno ya kiapo hayafichi, unasema unakana utii wote kwa nchi uliyokuwa raia wake. Tulikuwa ukumbini watu wengi, kila mtu na nchi yake anayoiaga, yule mzee wa mbele yangu alikuwa anaapa huku machozi yanamtoka na sikujua ni ya upande gani.

Nikatoka na cheti kwenye bahasha, nikampigia mama. Alikuwa anajua ni leo. Hakunipongeza, akauliza moja kwa moja, "Kwahiyo mwanangu, wewe sio Mtanzania tena?"

Na mimi, miezi mitatu nimefundishwa kila usiku, nikajibu kama nilivyozoeshwa, "Hapana, mama."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillah," akasema, "mimi niliwaambia hawa, watu wanazusha tu." Nikasikia anamwita jirani amwambie. Sijamrekebisha mpaka leo.