Kumwagizia Mama Chakula Lamu Nikiwa Leicester

Kila Ijumaa, saa kumi alfajiri kwa saa za huku Uingereza, huamka nikamtumia ujumbe wa sauti mama mmoja mpishi wa Langoni, mjini Lamu, ambako wakati huo ni saa moja asubuhi. Tofauti hiyo ya saa tatu, ambayo majira ya joto hupungua ikawa saa mbili, nimeizoea kuliko ratiba ya basi la kunipeleka kazini, kwani agizo langu likichelewa, samaki mzuri huwa amekwisha kuchukuliwa na wengine.

Chakula hicho ni cha mama yangu. Magoti yake hayamruhusu tena kukalia mbuzi ya nazi, na dada yangu aliyekuwa akimpikia ameolewa Mombasa. Siku nyingine jamaa na majirani humsaidia. Ijumaa nimeiomba iwe yangu.

Mara ya kwanza niliagiza kwenye mkahawa mmoja wa wageni, kwa sababu tu ndio uliokuwa na picha za vyakula vyake mtandaoni na mimi niko mbali. Samaki wa kupaka kwa desturi huchomwa juu ya makaa, kisha hupakwa tui zito lililopikwa kwa kitunguu thomu, tangawizi, bizari, pilipili na ukwaju, akarudishwa motoni na kupakwa tena, mpaka tui lile ligandamane na ngozi yake. Yule aliyeletwa kwa mama alikuwa amekaangwa, akamwagiwa rojo jepesi la nazi ya pakiti. Mama hakulalamika. Aliniambia, "Ahsante mwanangu, nimeshiba," nami nikajua hakukipenda, kwa kuwa mama akila chakula kilichompendeza hazungumzii kushiba kwake, humtaja samaki kwa jina.

Mpishi huyu wa Langoni nilielekezwa na mtu wa rika langu anayekula kwake. Hana orodha ya vyakula. Siku ya kwanza yeye ndiye aliyeniuliza maswali: mama ana presha, chumvi atiwe kiasi gani, na meno yake bado yanaweza mkate wa mofa? Nilinyamaza kidogo kabla ya kujibu, maana mofa, ule mkate wa unga wa mtama unaookwa kwa kubandikwa ndani ya tanuri la udongo, ni mgumu, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mama huenda hauwezi tena. Tulikubaliana apelekewe pamoja na mchuzi mwingi wa kuuchovyea. Tangu hapo namwita halati, yaani dada wa mama, naye huniita mwanangu.

Upepo wa kusi unapokaza, vyombo vidogo vya wavuvi haviendi mbali na samaki huadimika. Halati hunieleza wazi kwamba leo hakuna kolekole wa kupaka, afadhali ng'onda, yaani samaki mkavu, wa nazi na wali, na mchicha pembeni. Uaminifu huo nauthamini kuliko kupata nilichokitaka.

Chakula hupelekwa na kijana kwa miguu, ndani ya hotpoti iliyofungwa kwa kanga, baada ya sala ya Ijumaa. Vichochoro vya mji wetu vilijengwa kwa ajili ya watu na punda, na nyumba hazitafutwi kwa namba, kwa hiyo nilimwelekeza kwa maneno: upite msikiti, ukunje kwenye baraza ya wazee wanaocheza bao, utafute mlango wa nakshi wenye daka, kisha upige hodi usichoke, kwa sababu mama yuko juu. Fedha huwa nimekwisha kuzituma kwa M-Pesa.

Shida ilikuja kwenye vyombo. Mama hawezi kurudisha chombo cha mtu kitupu. Wiki ya kwanza alitia ndimu, ya pili achari ya embe, na ya tatu halati akaona haya, akataka kunipunguzia bei. Nilikataa, kwa kuwa makaa na nazi hununuliwa, na kazi ya kukuna na kukamua tui ni ya mikono yake. Tulisikilizana hivi: achari ni baina ya mama na yeye, mimi siingii, bei ni baina yangu na yeye, na mama haiulizi.

Ijumaa iliyopita nilimpigia simu mama saa nne na nusu asubuhi, wakati wa mapumziko yangu ya kazini, na kule ilikuwa saa saba na nusu mchana. Alikuwa ameiweka simu kando ya sinia, nikasikia kifuniko kikifunguliwa, kisha kimya kirefu cha mtu anayekula.

"Changu huyu," akasema. "Na ni wa leo, si wa yana."