Besi ilivyoacha kuvuma sebuleni kwangu Uyole, Mbeya

Sebule yangu ina mita 4 kwa 3.2, marumaru chini, jipsamu juu, kuta tupu. Nikiwasha redio, besi inanguruma kama lori linalopanda mlima Kitonga. Fundi akasema spika zimekufa. Nusura niziuze.

Kwanza nikapiga hesabu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Ukigawa kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 8, unapata hezi (mitetemo kwa sekunde) 43 hivi: mlio wa besi ambao chumba chenyewe huukuza. Nikapakua programu ya kupima sauti, nikacheza mlio mmoja mmoja. Maikrofoni ya simu haiaminiki sana kwenye besi, ila kulinganisha inatosha. Kwenye hezi 43 sauti ikaruka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 11 juu ya milio ya jirani! Kochi lilikuwa limegusa ukuta wa nyuma, pale pale besi inapojazana.

Nikalivuta mbele sentimita 120. Mama watoto akanung'unika kwamba njia ya jikoni imebanwa. Zikabaki desibeli 6, nikazipunguza kwenye ekwalaiza, ile sehemu ya kupandisha na kushusha besi na milio mingine.

Ukutani nikatundika blanketi zito la baridi ya Juni. Ukipiga kofi, ule mwangwi wa "tatata" haupo tena. Besi yenyewe blanketi halikuigusa.